Mgeni Hanyolewi

"Mwenzangu, umeshavua hereni?" Gladness aliniuliza huku akipuliza moto wa mafiga. "Maana wembe wa Shangazi Kashindye hauna macho. Kwenye msiba wa bibi alinikwangua mpaka kwenye sikio."

"Nimevua tangu jana."

"Na huogopi?"

"Naogopa sana."

Sikuwa na sababu ya kumdanganya. Gladness alikuwa mke wa mdogo wa Luhaga, mwanaume niliyekuwa nikiishi naye, na katika boma lile la Sengerema ndiye pekee aliyeniita mwenzangu kwa moyo mweupe. Wengine waliniita "yule wa Luhaga", na mama mkwe, kama kweli alikuwa mama mkwe, hakuwa na jina la kuniita kabisa. Akinitaka nilete maji alisema tu, "Maji," akiangalia pembeni.

Tulikuwa tumemzika Mzee Machibya, baba yake Luhaga. Asubuhi hiyo ilikuwa ya kuondoa matanga, na kwa ukoo ule matanga hayaondoki mpaka wenye msiba wanyolewe: watoto wa marehemu, ndugu zake, wajukuu na wakwe. Nywele zote hukusanywa kwenye ungo mmoja na kwenda kufukiwa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo msiba unakwisha na watu wanatawanyika.

Kwa hiyo nami nilikuwa ninyolewe. Na mimi, jamani, nina nywele.

Sisemi kwa kujisifu. Nimezaliwa nazo. Bibi yangu mzaa baba, kule Bukoba, alizaliwa na Mwarabu mwenye duka, na kati ya wajukuu wote damu ile ikaamua kuja kujitokeza kichwani kwangu. Si za kipilipili, si za singa. Ni za mawimbi, zinashuka mpaka chini ya mabega, na zina kiburi kuliko mwenyewe. Ukizichana kavu, zinafumuka zote. Ukizipaka mafuta mengi, zinalala na kunata, unaonekana umenyeshewa. Mvua ya Mwanza ikitishia tu upande wa ziwani, zenyewe zimeshajua, zinasimama. Niliwahi kumruhusu dada mmoja wa saluni azitie dawa ili zinyooke, zikakatika vipande vipande, nikalia wiki nzima. Watu wakiziona barabarani wanasema Adventina kabarikiwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Na aliyeziunda ni Luhaga.

Alikuja dukani kwetu Nyakato, pale Mwanza, duka la dawa ninakouza, kutafuta dawa ya kuungua. Yeye ni mchomelea vyuma, mikono yake haikosi jeraha. Nikamfunga kidole, naye badala ya kuangalia kidole anaangalia kichwa changu.

"Hizo nywele ni zako?"

"Nimezikodi," nikamjibu. "Jioni narudisha."

Akacheka mpaka akasahau dawa yake juu ya meza. Ikabidi arudi kesho yake kuichukua, na keshokutwa akarudi bila sababu yoyote.

Tulipoanza kuishi pamoja, Jumamosi mchana ilikuwa siku ya nywele. Luhaga ananikalisha kwenye kigoda uani, ananiosha taratibu, sabuni kwenye ngozi tu, si kwenye ncha. Anapaka ute wa mshubiri aliouvuna mwenyewe kwenye kopo pale mlangoni. Kisha anachana zikiwa bado na maji, kwa kitana cha meno mapana, anaanzia kwenye ncha na kupanda polepole, fundo moja baada ya jingine. Hasugui kwa taulo. Anazikamua kwa fulana yake ya zamani, anaziminya kwa viganja kuelekea juu, wimbi linajikunja lenyewe, halafu matone mawili ya mafuta ya nazi na basi. Ananiambia, "Sasa usiziguse. Ziache zikauke zenyewe." Vile vidole vilivyokomaa kwa moto na chuma, sikuwahi kusikia hata unywele mmoja ukivutwa. Mwanamke akishapendwa hivyo, kuna mambo mengi anayafumbia macho.

Moja nililolifumbia macho ni kwamba hakuwahi kunipeleka kwao. Kila nikiuliza, ni "bado." Mama yake alishaniona mara moja alipokuja Mwanza, akanitazama kuanzia utosini, akamwambia mwanawe mbele yangu, "Mwanamke wa nywele hana mkono wa jembe." Na mama yangu mimi, kule Muleba, naye hakunyamaza: "Adventina, mwanamke anayeishi na mwanaume bila kujulikana kwao ni mpangaji. Mpangaji hufukuzwa." Ni Mzee Machibya peke yake, nilipomuuguza hospitalini Mwanza, aliyesema niletwe nyumbani baada ya mavuno, wazee wanijue. Mavuno hayakumkuta.

Basi ndiyo maana, pamoja na hofu yote, niliutaka wembe ule. Gladness ndiye aliyenieleza. "Hapa hawaangalii pete," alisema, "wala picha za harusi. Wanaangalia nani alinyolewa kwenye msiba. Ukinyolewa na ukoo, umekuwa mke, hata mama hawezi kukutoa. Usiponyolewa, hata uzae timu ya mpira, wewe ni wa kupita."

Nikakata shauri. Nywele zitaota. Jina la mke sikuwa nalo mahali pengine pa kulipata.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemkuta Luhaga nyuma ya zizi, amekaa juu ya gogo peke yake. Nikakaa karibu naye. Akanivua kitambaa cha kichwa, akaingiza vidole kwenye nywele zangu kama alivyozoea.

"Zimekauka," alisema. "Moshi wa jikoni umeziharibu. Tukirudi nyumbani nitaziloweka na parachichi."

"Luhaga, kesho nanyolewa."

Vidole vikasimama.

"Nani kasema?"

"Si ni desturi yenu? Wakwe wote wananyolewa."

"Wewe, hapana."

"Kwa nini mimi hapana?"

"Adve, nimemzika baba juzi," alisema, sauti yake ikakatika. "Nimemwona akifunikwa udongo. Sasa na hizi nazo nizione kwenye ungo? Nitaongea na shangazi. Atanielewa."

"Usiongee na mtu." Nilimshika mikono yote miwili. "Nisikilize vizuri. Hizi ni nywele. Mwakani zitakuwa zimefika hapa mabegani, na wewe ndiye utakayezitunza. Mimi nataka nikae kwenye ule mstari na wake wenzangu. Nataka mama yako anione nimekaa pale. Umenielewa?"

Aliegemeza paji la uso wake kichwani kwangu, akavuta pumzi ndefu, akalia kimyakimya. Nikamwacha alie. Nilidhani analia kwa kuwa amekubali.

Asubuhi, jua lilipochomoza, tulitandikiwa mikeka uani. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, beseni la maji katikati na ungo pembeni yake. Shangazi Kashindye, dada wa marehemu, mama mnene mwenye mikono myepesi, ndiye aliyeshika wembe wa wanawake. Upande wa wanaume alinyoa Baba Yakobo, mdogo wake marehemu.

Nilikaa baada ya Gladness. Nilikuwa nimefumua nywele zangu zote, nimezilowesha ili zisimsumbue shangazi. Nilisikia minong'ono ya akina mama waliokuja kusaidia, "Yesu wangu, nywele zote zile!" Nikajikaza kisabuni. Lakini nilikuwa na furaha, mtu anisamehe, furaha katikati ya msiba wa watu. Nilijiona tayari nimekuwa mke.

Akanyolewa mjane, mama yake Luhaga, wa kwanza. Wakafuata mabinti. Akanyolewa Gladness, akainuka akijipapasa kichwa, akanikonyeza.

Nikainamisha kichwa.

Nikasikia wembe ukioshwa kwenye beseni. Nikasikia hatua za shangazi. Kisha nikasikia mtoto wa kike aliyekaa upande wangu wa pili akisema "Aii, maji ya baridi," na nilipofungua macho, shangazi alikuwa ameshaanza kumnyoa yule.

"Shangazi," nikasema. "Umeniruka."

Hakunitazama. "Kaa pembeni, binti. Umelowa bure."

"Shangazi, shikamoo, samahani. Mimi hujaninyoa."

"Marahaba. Sikunyoi."

Uwanja mzima uligeuka kututazama. Hata wale waliokuwa wakipepeta mchele kule jikoni waliacha.

"Nimekosa nini?" niliuliza. "Nimekuja na msiba huu tangu hospitali. Nimemwogesha mzee miguu kwa mikono hii. Jikoni kwenu nimesonga ugali mpaka viganja vimetoka malengelenge. Nimekosa nini, shangazi?"

Shangazi Kashindye akashusha wembe. Uso wake haukuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hujakosa, mwanangu. Mwenyewe ndiye aliyesema. Alikuja jana usiku ukiingia, akanikuta na Baba Yakobo na mama yake mzazi. Akasema, 'Msimnyoe Adventina. Huyo ni mgeni.' Baba Yakobo akamuuliza mara ya pili, akarudia. Na sisi mgeni hatumnyoi. Tukimnyoa mgeni tunakaribisha kifo kingine."

Niligeuka kumtafuta Luhaga. Alikuwa upande wa pili wa beseni, amenyolewa nusu, nusu ya kichwa nyeupe na nusu bado nyeusi, povu linamtiririka shingoni. Macho yetu yakakutana. Mwanaume yule nilimjua mpaka usingizi wake. Nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba ni kweli.

"Luhaga, mimi ni mgeni?"

"Adve, ngoja. Nitakueleza."

"Nieleze hapa hapa. Mimi ni mgeni kwako?"

"Nilikuwa natafuta namna tu," alisema kwa sauti ya chini. "Walikuwa hawawezi kukuacha bila sababu. Nikasema hivyo ili wakuache."

Mama yake akainuka kwenye mkeka. Kichwa chake kilichonyolewa kiling'aa juani, alikuwa mdogo kuliko nilivyozoea kumwona. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniangalia usoni. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Luhaga, baba zako wapo hapa wote. Mimi simtaki huyu, unajua, sikufichi. Lakini sitaki kuambiwa nilimnyang'anya mtu haki yake kwenye msiba wa mume wangu. Jana ulisema ni mgeni. Kama ulitudanganya, sema sasa. Sema ni mkeo, shangazi yako amnyoe, na mimi nitamezea. Kama ni mgeni kweli, nyamaza tuendelee."

Jamani, mlango ulikuwa wazi. Mama mwenyewe ameufungua, tena kwa mikono miwili! Neno moja tu lilitakiwa.

Luhaga alinitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama nywele, zilivyolala mabegani na maji yakidondoka kwenye ncha zake, wimbi juu ya wimbi, kama alivyokuwa akiziacha kila Jumamosi. Akauangalia wembe mkononi mwa shangazi.

"Mayu," alimwambia mama yake, "si lazima iwe leo."

Baba Yakobo akakohoa. "Umesikika," alisema, akamwinamisha kichwa na kumalizia ile nusu iliyobaki.

Sikupiga kelele. Niliinuka, nikaenda jikoni, nikachukua mkoba wangu. Gladness alinifuata mpaka kwenye uzio akinishika mkono na kulia, naye ndiye aliyeniitia bodaboda. Nilipopanda niliona watu wakielekea nyuma ya nyumba na ungo.

Luhaga alinikuta kwenye gati la Kamanga. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nangoja kivuko kitie nanga, na nywele zilikuwa zimeshakauka kwa upepo na kufumuka ovyo. Alishuka kwenye pikipiki mbio, shati limefungwa vifungo kombo. Kichwa kile kitupu sikukizoea. Nusura nimwonee huruma.

"Adve, nisamehe. Nilikosea maneno."

"Hukukosea. Jana labda ulikosea. Leo uliulizwa tena."

"Nilikuwa naokoa nywele zako!"

"Nani alikutuma?" Sauti yangu ilipanda, watu wakageuka, na mimi sikujali. "Nilikwambia nini pale zizini? Nilikushika mikono, Luhaga! Nilikwambia nataka kukaa kwenye ule mstari. Sikukuomba uniokoe."

"Sikuweza. Nilijaribu kufungua mdomo, nikaona vile zinavyoanguka chini, nikashindwa. Naapa kwa Mungu."

"Basi niambie jambo moja. Ulinipenda mimi, au ulipenda nywele?"

Angesema uongo, labda ningebaki. Mwanamke mwenye uchungu huhitaji kitu kidogo sana cha kushikilia. Lakini Luhaga hakuwa mwongo kwa asili, ule uongo mmoja ulikuwa umemchosha. Alikaa pembeni yangu, akafikiri, akasema pole pole:

"Sijui, Adve. Sijawahi kuvitenganisha."

Ziwa lilikuwa likipiga mawe ya gati. Nilisikia wapagazi wakigombea mizigo. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulaza kichwa kwenye bega lake, na nilichukia kwamba nilitaka vyote viwili.

"Turudi," alisema. "Sasa hivi. Nitasimama mbele yao wote. Nitasema wewe ni mke wangu."

"Na nywele nitanyolewa lini?"

Akageuza macho kuelekea ziwani.

"Zilishafukiwa, Luhaga. Niliona ungo ukienda. Za mama yako, za Gladness, za yule mtoto mdogo ambaye hata hatamkumbuka babu yake. Zangu hazimo. Kwenu mnanyolewa mara moja kwa kila marehemu. Sasa niambie, nimsubiri nani afe ili niwe mkeo? Mama yako? Nikae Nyakato nikimwombea mama yako afe?"

"Usiseme hivyo."

"Si ndivyo ilivyo? Utaniosha nywele kila Jumamosi, utanipaka mshubiri, na mimi nitakuwa nimekaa pale kwenye kigoda nangoja kifo cha mtu. Hapana. Mimi nimelelewa na watu."

Alinyoosha mkono. Nilijua unakwenda wapi. Ulikuwa unakwenda kuzitoa nywele zilizoniangukia usoni, tena kwa mazoea tu, bila hata kufikiri. Nikaukamata mkono ule hewani. Ulikuwa na kovu la kidole nilichokifunga dukani siku ya kwanza. Nikaushikilia kidogo, kidogo sana, kisha nikamrudishia pajani mwake.

"Vitu vyangu nitavichukua ukiwa kazini," nilisema. "Usinifuate ndani."

Hakunifuata. Labda nilitaka anifuate. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa bado pale kwenye benchi, kichwa chini, na mtu aliyekuwa akipita alimgusa bega akampa pole ya msiba.

Ndani ya kivuko nilipata nafasi dirishani. Upande wangu alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kikapu cha viazi vitamu, na wanawake wengine wawili wenye vichwa vilivyonyolewa, bila shaka nao wakitoka kuondoa matanga mahali fulani. Mama yule aliwapa pole mmoja mmoja, akiwashika mkono, akauliza marehemu alikuwa nani wao. Mmoja alisema baba mkwe. Wakasimuliana.

Kisha akanigeukia mimi. Aliona khanga nyeusi, akaona macho yaliyovimba. Akanyoosha mkono wake, "Pole, mwanangu. Na wewe umefiwa?"

Kabla sijajibu, macho yake yalipanda, yakafika kichwani kwangu, yakasimama hapo. Mkono ukasita, ukarudi kwenye kikapu.

"Aa," alisema kwa upole. "Kumbe wewe ulikwenda kuwasindikiza tu wenye msiba."

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Msiba haukuwa wa kwetu."